Mizani Baada ya Moto

Ukiingia Smitty's Market, mjini Lockhart, Texas, kwa mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye maegesho ya magari, hukutani kwanza na mhudumu wala meza. Unakutana na moto. Magogo ya mwaloni yanawaka chini kabisa, sakafuni, mdomoni mwa tanuri refu la matofali, na foleni ya wateja inapita hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna uzio wala kibao cha tahadhari. Kuta na dari zimekuwa nyeusi kwa masizi tangu jengo lijengwe mwaka 1924, na ukisimama dakika kumi unatoka na harufu ambayo shati litaihifadhi mpaka lifuliwe. Mwisho wa foleni kuna gogo la kukatia, mtu mwenye kisu kirefu, na mizani.

Mizani ndiyo iliyonifanya nifungue daftari. Kwetu, iwe mnadani Msalato pale Dodoma siku ya Jumamosi, iwe Arusha, iwe Kikopey kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, mizani hutangulia moto. Unafika, unamwona mbuzi ananing'inia, unanyoosha kidole: hilo paja, au huo ubavu. Mwenye bucha anakata, anapima, mnakubaliana bei, kisha nyama inapelekwa kwa mchomaji. Umelipia kilo ya nyama mbichi, pamoja na maji yake, mafuta yake na mfupa wake. Kitakachoyeyuka juu ya makaa kimeyeyuka kutoka mfukoni mwako, na ndiyo maana sote tuna yule rafiki ambaye akiletewa sinia huanza kwanza kulalamika kuwa kilo mbili hizi si kilo mbili.

Lockhart wanapima nyama ikishaiva. Kidari cha ng'ombe kilichoingia tanurini kikiwa na kilo sita kinaweza kutoka na tatu na nusu, na kilo mbili na nusu zilizopotea ni hasara ya mwenye mkahawa. Anairudisha kwenye bei, bila shaka. Kidari siku hizi kinauzwa kwa zaidi ya dola 20 kwa ratili, yaani chini kidogo ya nusu kilo. Lakini mabishano ya sinia hayapo. Unasema unataka kiasi gani, kisu kinashuka, nyama inawekwa juu ya karatasi ya hudhurungi, sindano ya mizani inasimama, unalipa. Kila unachokiona mbele yako ndicho utakachokila.

*

Mji wenyewe ni mdogo, kama kilomita 50 kusini mwa Austin. Mpwa wangu, anayeishi Texas na ndiye aliyekuwa dereva, aliniambia tukiwa njiani, "Mjomba, usile chochote asubuhi, na ukifika usiseme umeshiba mpaka nyumba ya tatu ya nyama." Katikati ya mji kuna mahakama ya wilaya ya Caldwell ya mwaka 1894, jengo la mawe lenye minara na saa, utadhani limesafirishwa kutoka Ufaransa. Mwaka 1999 Baraza la Wawakilishi la Texas lilipitisha azimio la kuutaja Lockhart kuwa makao makuu ya nyama ya kuokwa kwa moshi katika jimbo hilo. Wabunge wetu wangejaribu azimio la namna hiyo kuhusu nyama choma, wajumbe wa Arusha na wa Dodoma wangelala ukumbini.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, makundi ya ng'ombe wenye pembe ndefu yalipitishwa eneo hili kwenye njia ya Chisholm yakielekea Kansas kupakiwa kwenye treni. Ng'ombe walikuwepo, basi. Waliokuja na ujuzi wa bucha ni wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki katika karne ya 19, na biashara yao ilikuwa nyama mbichi. Majokofu hayakuwepo. Kilichobaki jioni kiligeuzwa soseji au kikatiwa moshi kisioze, kikauzwa kesho yake kwa aliyekuwa na njaa na hana jiko: wavuna pamba, wengi wao Wamarekani Weusi na Wameksiko, waliofurika wilayani wakati wa mavuno. Hawa hawakukaribishwa kwenye mikahawa ya mjini enzi hizo za ubaguzi. Walinunua kwenye bucha, wakala papo hapo juu ya karatasi ya kufungia nyama, wakachukua rafuni biskuti za chumvi, kitunguu, jibini na parachichi kwa sababu bucha lilikuwa pia duka la vyakula.

Kwa hiyo ule utaratibu ambao watalii wa leo wanaupiga picha kama madoido, yaani karatasi badala ya sahani na vidole badala ya uma, ulikuwa chakula cha mtu asiyeruhusiwa kukaa mezani. Mabango ya barabarani yana majina ya Kijerumani. Mikono iliyolisha moto kuni usiku kucha, hapa na kwingineko Marekani Kusini, mara nyingi ilikuwa ya watu wengine. Adrian Miller ameandika kitabu kizima, Black Smoke, kilichotoka mwaka 2021, kuhusu mchango wa Wamarekani Weusi katika upishi huu. Mjini Lockhart nilitafuta ukutani picha za hao walisha moto. Picha nyingi nilizoziona zilikuwa za wenye nyumba, na za pembe.

*

Sasa habari ya familia, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini mji mmoja mdogo una nyumba mbili zinazodai moto mmoja.

Charles Kreuz alifungua bucha lake mwaka 1900. Mwaka 1948 akalinunua mfanyakazi wake, Edgar Schmidt, ambaye kila mtu alimwita Smitty. Smitty akaendelea na jina la Kreuz Market, na mwaka 1984 akawauzia biashara wanawe wawili wa kiume, Rick na Don. Alipofariki mwaka 1990, jengo likaenda kwa binti yake, Nina Sells. Ndugu wa kiume wana jina na biashara, dada ana kuta na matanuri, na wao wanamlipa yeye kodi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua mwisho wa mpango kama huo, hata kabla ya kusimuliwa.

Ulidumu takriban miaka tisa. Mwaka 1999 walishindwa kuafikiana juu ya pango, na Rick akajenga ukumbi mpya mkubwa mwendo mfupi tu upande wa kaskazini, akahama na jina la Kreuz. Siku ya kuhama, makaa ya moto yalitolewa kwenye tanuri la zamani, yakatiwa kwenye beseni la chuma, yakakokotwa barabarani mpaka kwenye matanuri mapya huku kamera za televisheni zikifuata. Nina akabaki na jengo, akalifungua upya kwa jina la baba yao: Smitty's Market. Mmoja alihama na jina la mwasisi na makaa, mwingine akabaki na jina la baba na masizi ya ukutani.

Nilimsimulia mpwa wangu kuwa kwetu wangekuwa wamepelekana kwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha baraza la kata, kisha mahakamani, na bucha lingefungwa kwa kufuli la mahakama mpaka nyama choma isahaulike. Akacheka, akasema hata hapa mawakili walikula. Lakini moto haukuzimwa siku hata moja, na mji ukapata nyumba mbili badala ya moja. Mimi siwezi kusema nani kati yao ndiye mrithi halali. Nilikula kwa wote wawili mchana mmoja.

*

Kwa Smitty's nilikula bega. Kidari ndicho kinachotajwa kila mahali leo, lakini bega ndilo la kale zaidi hapa. Bucha la zamani lilinunua robo nzima ya mbele ya ng'ombe, likauza kilichouzika, na chochote kilichobaki kikaenda kwenye moshi; mteja alikula kilichobaki. Kidari kilipanda cheo baadaye, hasa baada ya viwanda vya nyama, vikiongozwa na Iowa Beef Packers kuanzia mwaka 1967, kuanza kuuza ng'ombe aliyekwisha kukatwa vipande na kufungwa kwenye maboksi. Kuanzia hapo mkahawa uliweza kuagiza vidari vitupu, mia kama unataka, bila kujiuliza utaupeleka wapi mguu. Sisi bado tuko kwenye hatua ya kwanza: mnyama mzima ananing'inia, na anayewahi ndiye anayepata mbavu.

Bega lilikuwa na chumvi, pilipili manga, na moshi. Basi. Kwenye kaunta za mbao za ujiani bado yapo mabaki ya minyororo. Zamani visu vya wateja vilifungwa hapo visitoroke na wateja. Unanunua nyama kwenye chumba cha moto, kisha unapita mlango na kuingia ukumbini, ambako vinywaji na kachumbari yao ya kabichi vinauzwa kwa foleni nyingine na malipo mengine, kama vile nyama na chakula ni biashara mbili zilizopangishwa jengo moja.

Kreuz ni ukumbi wa watu wengi, dari juu, meza ndefu, magogo ya mwaloni yamepangwa nyuma kama ukuta wa boma. Kwa miaka mingi bango lao lilitangaza kuwa hapa hakuna sosi, hakuna uma, na hawatanii. Msimamo huo wa kukataa sosi ulinifurahisha kuliko chakula chenyewe, kwa sababu ni msimamo wa bucha: nyama yangu haina cha kuficha. Wachomaji wetu wazuri wana kiburi hichohicho. Kule Msalato ukiomba tomato sosi utaletewa, lakini utaletewa pamoja na jicho. Chumvi pembeni, pilipili mbuzi, limau, kachumbari ya nyanya na kitunguu; mengine ni ya watoto.

Neno kwa msomaji Mwislamu, au kwa yeyote asiyekula kitimoto: uliza kabla ya kugusa soseji. Soseji za asili za nyumba hizi ni za ng'ombe kwa sehemu kubwa, lakini huchanganywa nyama ya nguruwe kidogo, na kwenye tanuri moja huokwa vilevile mbavu za nguruwe. Kisu ni kilekile, gogo ni lilelile. Mpwa wangu huenda na rafiki yake wa Tanga ambaye hula mkate, parachichi na hadithi.

*

Kitu kimoja nilichokitafuta kwa bidii ni kwa nini kidari chao kinakatika kwa kidole wakati kidari chetu ni adhabu ya meno. Jibu la kwanza ni muda. Kidari ni msuli unaobeba kifua cha ng'ombe, umejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu ambazo haziachii mpaka zikae kwenye joto kwa saa nyingi na kugeuka utelezi. Hapa hukaa saa 12, wengine zaidi ya 15, katika joto la wastani, mpaka ndani ya nyama kufike nyuzi 93 au 95 za Selsiasi. Katikati ya safari hiyo, karibu na nyuzi 70, joto husimama. Nyama inatoa jasho, jasho likikauka linaipoza, na kwa saa kadhaa kipimajoto hakisogei. Mchomaji asiye na subira huchochea moto hapo, na hapo ndipo anapoiharibu. Si nyumba zote zinazofuata mwendo huo wa taratibu. Kreuz wanajulikana kwa moto mkali na saa chache.

Jibu la pili halisemwi sana, nalo ni ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe wa Texas anayefika kwenye tanuri hili amemaliza miezi yake ya mwisho kwenye zizi la kunenepeshwa, akila mahindi, na mafuta yake yametawanyika ndani ya msuli kama mistari ya marumaru. Serikali yao hupanga nyama kwa madaraja kwa kuangalia mistari hiyo hasa. Zebu wetu ametembea. Ametoka Kondoa kwa miguu, amevuka kiangazi, ana nundu na heshima, lakini hana mafuta ya kumlinda saa 15 kwenye moshi. Mtu akichukua kidari chake na kukifanyia mtindo wa Lockhart atapata ngozi ya kiatu. Kwa hiyo mchomaji wetu hakukosea kuchagua mbuzi, mbavu na makaa ya haraka. Amemsoma mnyama aliye naye. Waigaji wanaofungua mikahawa ya moshi katika miji yetu mikubwa wangeanza na swali hilo kabla ya kuagiza matanuri.

Ladha, nikiulizwa, naipa Texas kwa kidari, na siwapi mbuzi hata kwa dawa.

*

Ila kukaa ni kwetu. Niliangalia saa: mbele yetu familia ya watu watano iliingia, ikala, ikafungasha mifupa ndani ya karatasi ileile, ikatupa kwenye pipa, ikaondoka, na chai ya barafu ya mpwa wangu ilikuwa bado nusu. Hakuna aliyewafukuza. Nyama ilikuwa tayari kabla hawajaamka asubuhi. Iliwangoja, wao hawakungoja kitu. Kwetu nyama inakatwa ukiwa umefika, kwa hiyo kuna saa nzima, pengine saa na nusu, ambayo si ya chakula. Ndiyo saa ya supu, ya bia au soda, ya kujua nani amefiwa na nani anaoza binti. Mipango ya harusi nyingi ninazozijua imepangwa katika pengo hilo kati ya mizani na sinia. Mchomaji akiwa mwepesi mno watu hununa.

*

Nyumba ya tatu ilikuwa Black's, mtaa mmoja kutoka mahakamani, na kufikia hapo ushauri wa mpwa kuhusu shibe ulikuwa umeanza kuniumiza. Edgar Black aliianzisha mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, na familia inadai kuwa hakuna mkahawa mwingine mkubwa wa nyama ya moshi Texas ambao umebaki mikononi mwa ukoo mmoja kwa muda mrefu hivyo bila kukatika. Leo wamefika kizazi cha nne. Kibao chao kinasema wanafungua siku nane kwa wiki. Hapa uma upo, sosi ipo, na foleni inakupitisha kwanza kwenye maharage, viazi na vitindamlo, ili ukifika kwa mwenye kisu sinia liwe limejaa nusu. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angempa mkono aliyebuni mpangilio huo, kwa kuwa vyakula vya mwanzo ndivyo rahisi kupika na vyenye faida.

Ubavu mmoja wa ng'ombe pale unaweza kupita ratili moja, mfupa ukiwa ndani ya hesabu. Mwenye kisu alituonyesha kwanza, akaweka kwenye mizani, akasubiri tuseme ndiyo. Tulisema ndiyo tukagawana watu wawili.

Na wao pia ukoo umetanuka kwa mtindo wa huko. Mwaka 2014 watoto wa Terry Black, wa ukoo huohuo, walifungua nyumba yao Austin kwa jina la baba yao, na mwaka huohuo wale wa Lockhart nao wakafungua tawi Austin. Jina moja, mji mmoja, milango miwili. Sikuona ajabu tena. Ukiwa umeshatoka kwa Rick na Nina unaona tu kwamba katika biashara hii mtoto anayeondoka nyumbani huondoka na ujuzi wa moto, na ujuzi huo hauwezi kuandikwa kwenye hati ya nyumba.

*

Niliporudi Dodoma nilimsimulia mchomaji wangu wa siku zote kwamba kuna nchi nyama hupimwa ikishaiva. Alikuwa anageuza mbavu, hakuinua kichwa. Akauliza, "Na ikiiva yote halafu watu wasije?"

Nikamwambia hilo ndilo wanaloliogopa kila usiku. Wanakisia. Wanawasha moto leo kwa wateja wa kesho, na wengi wao huelekea kupika pungufu, ndiyo maana ukifika alasiri kwenye nyumba nyingi za Texas unakuta kidari kimekwisha na mlango umefungwa hata kama muda wa kufunga haujafika. Mteja hakasiriki, hujilaumu kwa kuchelewa.

Akafikiri. Akasema yeye mbuzi asiyechaguliwa leo bado ana kesho, na kwamba mteja wake akiambiwa nyama imekwisha saa nane mchana hatarudi wiki ijayo. Kisha akaniuliza nataka kilo ngapi.